Kupanda mulima na motere: mashindano yenye mulima wenyewe njo unachagua mushindi

Mashindano ya kupanda mulima na motokari ao piki-piki yana sheria moja nyepesi: unaanzia chini, unamalizia juu, saa inahesabu. Hakuna kuzunguka mara makumi tano sawa ku sirkuiti. Mara mingi mushindani anaachwa aende peke yake, mwengine anafwata kiisha wakati kidogo, na mwenye alitumia segonde kidogo kupita wote njo anachukua kombe. Yote inaweza kuisha mbele chai haijapoa.

Vijana wengi wa Lubumbashi wanaijua hii michezo kupitia telefone. Wanaona mavumbi, wanasikia motere inalia, wanaona piki-piki inageuka kichwa chini na mwenyewe anabingirika nyuma yake. Yenye haionekane ku video ni sababu: juu ya nini huyu alifika na yule alibakia, na wote wawili walikuwa na motere sawasawa.

Kuko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya barabara ya mulima, ya udongo ao ya lami, yenye inafungwa siku ile ili mutu mwengine asipite. Ya pili ni ya nje ya barabara. Pale hakuna njia. Kuko paka mulima, mawe, mifereji ya mvua, na alama za kuonyesha fasi ya kupitia. Hii ya pili haiombe serikali itengeneze kitu. Ni juu ya ile inaweza kufikiriwa hata mu majimbo yenye barabara mbaya, ao tuseme zaidi mu majimbo yenye barabara mbaya.

Motere inapumua

Motere ya esanse ao ya mazutu inakula vitu viwili: mafuta na hewa. Ya mafuta kila shofere anaijua juu analipa. Ya hewa watu wanaisahau juu haiuzwe.

Kadiri unapanda, hewa inapunguka. Hesabu yenye mafundi wanatumia ni hii: kwa kila metre 1000 ya kupanda, motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake. Muji wa Lubumbashi uko ku metre 1200 hivi juu ya bahari. Ni kusema motokari yenye ilishuka ku bandari ya Dar es Salaam na nguvu ya farasi 100, inapofika hapa bila turbo inabakia na 88 hivi, na hakuna fundi mwenye aliiba kitu. Turbo inasaidia juu inasukuma hewa ndani ya motere kwa nguvu.

Fasi yenye ilifundisha dunia nzima hili somo ni mulima wa Pikes Peak, jimbo la Colorado, Marekani. Mashindano yake yalianza mwaka wa 1916. Njia ina kilometre karibu 20 na makona 156. Inaanzia ku metre 2862 na inamalizia ku metre 4302. Kule juu motere isiyo na turbo inabakia na nguvu kidogo kuliko mbili kwa tatu, na hata mutu mwenyewe anapumua kwa shida. Wakati wa zamani ilikuwa udongo na changarawe. Kiisha waliweka lami pole pole, na tangu mwaka wa 2012 mashindano yanaendeshwa juu ya lami kuanzia chini mupaka juu.

Wakati ya udongo, majina mawili yenye yalishinda kule yalikuwa yamekwisha kujulikana Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1983, ku Safari Rally ya Kenya, Ari Vatanen wa Finland alikuwa wa kwanza na mama mumoja Mufaransa, Michèle Mouton, alikuwa wa tatu. Mwaka wa 1985 Mouton akapanda Pikes Peak na kuwa wa kwanza kabisa, mbele ya wanaume wote, mu dakika 11 na segonde 25. Mwaka wa 1988 ikawa zamu ya Vatanen: dakika 10 na segonde 47. Alipita rekodi ya mwaka uliotangulia kwa kidogo kuliko segonde moja. Haikuwa bahati kama watu wa Safari walifanya vizuri kule. Mavumbi, mawe yenye kuteleza na makona yenye hauoni mwisho yake, walikuwa wamekwisha kuvizoea.

Rekodi ya leo ni ya mwaka wa 2018. Mufaransa Romain Dumas alifika juu mu dakika 7 na segonde 57 na motokari ya Volkswagen yenye kutembea na umeme. Sababu ni ileile ya hewa: motere ya umeme haipumui, kwa hiyo mulima haukuwa na kitu cha kuinyanganya. Wakaaji wa Lubumbashi na Kolwezi wana haki ya kucheka kidogo. Betri mingi za motokari za umeme zinatengenezwa na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka mu Lualaba na Haut-Katanga.

Kushika udongo

Nguvu bila kushika ni mavumbi tu. Mulima wenye kupanda metre 20 kwa kila metre 100 unavuta motokari ya tani moja na nusu kurudi nyuma na uzito wa kilo 300 hivi, sawa mifuko sita ya simenti yenye kufungiwa ku mukia. Ule uzito wote unapita mu fasi ndogo yenye pine inagusa udongo, fasi ya ukubwa wa kiganja kwa kila pine. Mwenye anakanyaga esanse yote kwa mara moja anafanya pine izunguke bule, inachimba shimo, motokari inakaa.

Ndiyo maana washindani wanapunguza hewa mu pine. Motokari ya 4x4 yenye inatembea na bar 2.5 mu muji inaweza kushushwa mupaka 1.5 ao chini kidogo, ili pine ilale na kukamata mawe. Kiisha mashindano hewa inarudishwa, juu pine yenye kulegea ku lami inapata moto na kupasuka. Ku piki-piki za kupanda milima, watu wanarefusha mikono ya chuma yenye inashika pine ya nyuma. Sababu: mu mupando mukali uzito wote unakimbilia nyuma, pine ya mbele inainuka, na piki-piki fupi inamuangukia mwenyewe. Mwenye hana pesa ya kurefusha anatumia mwili wake, anasimama na kuegemea mbele, kifua karibu na usukani.

Mutu mwenye anaanza anafwata kanuni hii: uchague vitesi chini, mbele ya kupanda, na usibadilishe katikati. Kubadilisha ni kukata nguvu kwa nusu segonde, na mulima haungoje nusu segonde.

Halafu kuko ya kushindwa, yenye watu hawafundishe na njo inaua. Motokari ikizima katikati ya mupando, usijaribu kugeuza. Ikisimama kando-kando, uzito unakuwa upande wa chini na inabingirika. Inaombwa kukanyaga fre (breki, kama wanasema upande wa Kenya), kuweka vitesi ya nyuma, kuwasha, na kushuka nyuma sawasawa, motere yenyewe ikizuia. Piki-piki ni tofauti. Fre ya mbele peke yake haishike juu pine ya mbele haina uzito. Yote inateleza kurudi. Mwenye anajua anailaza upande wa juu wa mulima, anatoka, anaigeuza pole pole kichwa chini. Haina aibu. Washindani wakubwa wanafanya hivyo mara makumi mu siku moja.

Kwa mazoezi ya kwanza haiombe mulima. Bonde la Lubumbashi limejaa vichuguu vikubwa vyenye vinapita urefu wa nyumba, na kichuguu kimoja chenye udongo mugumu kinafundisha mengi kwa mutu mwenye kaski, viatu vya ngozi na mwenzake wa kumukamata. Mu kiangazi udongo mwekundu unakuwa unga juu na chuma chini. Pine inaogelea mbele ya kushika. Mvua ikianza, mwezi wa 11 hivi, udongo uleule unakuwa sabuni.

Kenya: kupanda ili kufupisha njia

Karibu na Katanga, mashindano makubwa ya nje ya barabara ni Rhino Charge ya Kenya, yenye yanafanyika kila mwaka tangu 1989, mara mingi karibu na tarehe 1 ya mwezi wa 6. Pale saa haichague mushindi. Kila timu inapewa alama 13 zenye zimetawanyika mu pori na milima, na saa 10 za kuzifikia zote. Mushindi ni mwenye alifika ku alama zote na kilometre kidogo kupita wengine.

Ukiwaza vizuri, ile sheria inageuza mulima kuwa bei. Kwa mufano, kuzunguka mulima ni kilometre 5 na kuupanda ni metre 800. Mwenye anazunguka anafika na motokari nzima lakini anapoteza. Mwenye anapanda anaweza kushinda, ao anaweza kubakia pale mupaka magaribi, radiatere imetoboka na watu wakifukuza nzi. Kwa hiyo kazi kubwa si ya shofere peke yake. Timu ina watu wenye wanakimbia mbele na miguu, wanatafuta fasi ya kupita kati ya mawe na miti, wanapandisha mikono, wanarudi. Kuko hesabu ya ramani, kuko kamba ya chuma yenye motere yake ya kuvuta motokari wakati pine zimeshindwa, kuko maji ya kunywa. Fasi inabadilishwa kila mwaka na timu hazielezwe mapema ni wapi, ili mutu asiende kujifunza njia usiku.

Lakini sababu ya kuitaja hapa ni pesa. Kila timu inapaswa kuleta muchango mbele ya kuingia, na michango ile inaenda ku shirika la Rhino Ark, lenye lilianzishwa 1988 na Ken Kuhle. Kazi ya kwanza ilikuwa kujenga lupango lwa umeme kuzunguka milima ya Aberdare, kulinda vifaru weusi na pia kulinda mashamba ya wakaaji juu ya tembo. Lupango lwa kilometre karibu 400 lulimalizika mwaka wa 2009, kiisha miaka makumi mbili ya mashindano. Ile milima njo inatoa sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya muji wa Nairobi. Watu waliharibu motokari zao ili musitu ubakie.

Haut-Katanga nayo ina milima yenye kuvutia mutu wa 4x4, na mizuri kabisa iko mu parke: Upemba, yenye iliwekwa mwaka wa 1939, na Kundelungu, ya 1970. Mutu asichukue mufano wa Kenya vibaya. Rhino Charge haiendeshwe ndani ya ile musitu inalinda. Na hapa, mu parke zetu, kuingia na motere bila ruhusa ya ICCN ni kosa, hata kama ni kwa michezo.

Mbali kidogo upande wa kusini, lakini ndani ya SADC, kuko Roof of Africa ya Lesotho, yenye ilianza mwaka wa 1967 na leo inajulikana zaidi kwa piki-piki. Lesotho ni inchi yenye haina hata fasi moja chini ya metre 1000. Kwa hiyo kule mashindano yote ni ya mulima, mutu apende asipende.

Mulima wa machimbo

Kwa mukaaji wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, fasi yenye kufanana na maisha yake iko Austria. Inaitwa Erzberg, maana yake mulima wa madini. Ni machimbo ya chuma yenye yanatumika mupaka leo, mulima wenye ulikatwa ngazi ngazi kuanzia chini mupaka juu, sawa mashimo makubwa yenye watu wa Katanga wanayaona kila siku. Tangu mwaka wa 1995, mara moja kwa mwaka, wenye machimbo wanaachia piki-piki fasi kwa siku nne.

Siku za kwanza ni za kupanda kwa saa, ku njia za changarawe zenye kamio kubwa za madini zinapitia. Washindani wanapita elfu moja. Wenye mbio kupita wote, 500, wanapata haki ya kuanza siku ya Mungu. Wanaanza kwa mistari ya watu 50, wanatoka ndani ya shimo, na wana saa nne za kupanda na kushuka mawe, misitu na kuta za udongo. Kuko miaka yenye wanaofika mwisho wanahesabiwa na vidole.

Mwaka wa 2015 waandaaji walikuwa wameweka fasi mupya mu musitu, mupando mukali kupita kiasi. Wane wenye walikuwa mbele wakakwama pale: Waingereza Graham Jarvis na Jonny Walker, Mujerumani Andreas Lettenbichler, na Muhispania Alfredo Gómez. Wote wane ni mabingwa, na kila mumoja alijaribu peke yake. Mulima ukakataa. Mwisho waliacha kushindana wakaanza kuvutana: watu watatu wanakamata piki-piki moja, wanaipandisha, wanarudi kuchukua ingine. Walimaliza pamoja, na waandaaji wakatangaza washindi wane. Mutu mwenye alishasukuma kamio yenye kukwama mu matope ya barabara ya Pweto anaelewa hii hadisi bila kuelezwa.

Je, machimbo ya Katanga yanaweza kufanya hivyo? Vijana wengine wanajaribu kwa macho, wakiangalia milima ya udongo wenye ulitupwa kando ya mashimo. Hapa inaomba kusema wazi. Udongo wenye ulitupwa haujashikana; unaweza kutelemuka wote kwa mara moja na kufunika mutu. Chini yake kunaweza kuwa matundu ya wachimbaji wa mikono, na watu ndani. Kule Erzberg mwenye machimbo anasimamisha kazi, anachagua njia yenye nguvu, anaweka watu ku kila kona. Mulima uleule bila ile kazi ni hatari tu. Na mulima mweusi wa kando ya kimni ya Lubumbashi, wenye kila mutoto wa muji anaujua, ni taka za kuyeyusha shaba. Si fasi ya kucheza.

Njia yenye kufungwa

Tofauti kati ya mashindano na ajali iko paka moja: njia imefungwa ao haijafungwa. Barabara ya Likasi na ile ya Kasumbalesa zinapitisha kamio za madini usiku na muchana. Mwenye anapima wakati wake pale anacheza na maisha ya mutu mwengine, mwenye hajui kama kuko mashindano.

Hata njia yenye kufungwa inaua. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 2019, Mumarekani Carlin Dunne, mwenye alikuwa amekwisha kushinda Pikes Peak mara ine, alianguka na piki-piki yake ku kona ya mwisho kabisa, karibu na musitari wa kumaliza. Alikufa. Alikuwa anajua mulima ule kupita karibu watu wote. Kiisha ile ajali piki-piki ziliondolewa mu mashindano ya Pikes Peak, na hazijarudi.

Watazamaji nao. Mwaka wa 1986, ku rally ya Ureno, watu walikuwa wamejaa mupaka katikati ya barabara. Motokari moja ikatoka mu njia na watu watatu wakakufa. Mutazamaji mwenye akili anasimama upande wa juu wa njia, nyuma ya muti munene ao jiwe, hata siku moja upande wa nje wa kona, juu kule njo fasi motokari inaenda wakati imeshindwa kukata. Kusimama chini ya mupando wa piki-piki ni kungoja piki-piki irudi peke yake.

Kwa kikundi chenye kinataka kujaribu hapa, kazi ya kwanza haiko ku garaji. Ni kupata mwenye udongo, kuandikia komine, kuita polisi ya barabara, na kutafuta daktari ao infirmie mwenye motokari ya kumupeleka mutu ku hospitali. Njia inatembelewa na miguu mbele ya motere yeyote kuwashwa. Kaski inaangaliwa, fre inaangaliwa, na kila piki-piki inawekwa kamba ku mukono wa mwenyewe yenye inazima motere akianguka. Mutoto na mulevi hawapite kamba.

Na kushuka kunapangwa sawa kupanda. Watu wanaisahau, juu kombe linatolewa juu. Fre yenye ilitumika sana inapata moto na kuacha kushika. Kwa hiyo ku Pikes Peak hata watalii wenye wanashuka wanasimamishwa katikati ya njia ili fre zao zipimwe moto. Siku ya mashindano, wenye walifika mapema wanangoja kule juu, mu baridi, mupaka wa mwisho apande. Kiisha wote wanashuka pamoja, pole pole, mu mustari mumoja, watu wakisimama kando na kuwanyooshea mikono. Daktari anaenda kwake wakati ya mwisho imefika chini.